Kocha Wairimu na Shemeji Yake

Wairimu wa Ol Kalou, mhudumu wa wazee kule ughaibuni, mjini Plymouth, kwa miaka ishirini na miwili, alifundishwa besiboli na mzee mmoja ambaye yeye ndiye aliyekuwa akimwogesha. Kila jioni walitazama mechi pamoja, mzee akieleza, yeye akiuliza, hata akaijua kuliko wenye nchi. Ndiyo maana kanisa lake la Brooklyn Park lilipounda timu, kocha hakutafutwa mbali.

Kanisa la mji jirani wa Saint Paul nalo likamteua Wanjala, mume wa Joan, dada mdogo wa Wairimu. Timu hizo zikawa zinakutana kila Agosti, na sharti lilikuwa moja: kocha aliyeshindwa humpakulia mwenzake chakula mbele ya watu wote. Miaka mitatu mfululizo Wairimu alimpakulia Wanjala. Mwaka huu aliapa kwamba atapakuliwa yeye.

Mchezo ulipofika katikati, timu zilikuwa sare.

"Shemeji!" Wanjala akapaza sauti. "Watu wako wanakimbia kama wamebeba magunia ya viazi!"

Wairimu akavuka uwanja, kidole juu. "Wewe mla kuku! Leo nakuzika hapa hapa, dada yangu nimtafutie mume mwingine!"

Watu wazima, waliojua kwao Wairimu ni viazi na kwao Wanjala ni kuku, walicheka hadi machozi. Kutaniana ni haki ya mashemeji. Wakinyamaziana, watu huuliza kuna nini. Lakini refa, kijana wa Kizungu aitwaye Lenny, hakucheka. Alimuuliza Serah, mdakaji wa Wairimu aliyezaliwa huko huko ughaibuni, mama yule amesema nini. Serah akatafsiri neno kwa neno, kaburi na mume mwingine.

Lenny, akidhani ni vitisho vya kweli, akawafukuza makocha wote wawili mpaka maegeshoni, nyuma ya jengo, wasikoona chochote.

Wakaketi ndani ya gari la Wanjala. Kelele zikapanda uwanjani.

"Hao ni wangu," Wairimu akasema.

"Wako hawana sauti hiyo," Wanjala akajibu, akimmiminia chai.

Aliinywa bila kuisikia ladha. Hakuwahi kuiacha timu hata dakika moja. Nani angewaambia wakimbie lini?

Joan akaja mbio, leso begani. "Dada, mmeshinda! Kwa pointi mbili!"

Wairimu alipiga vigelegele, gari likatikisika. Wanjala akatabasamu.

"Kumbe dawa ilikuwa kukutoa wewe uwanjani! Mwakani nitamsihi refa akuache mchezoni."

Neno hilo lilimchoma Wairimu, maana yeye mwenyewe alikuwa ameshaliwaza. Lakini wakati wa chakula, mbele ya watu wote, Wanjala alishika mwiko, na Wairimu akanyoosha sahani.

"Ongeza nyama, shemeji. Maneno nimeshashiba."