Niliajiriwa Kueleza kwa Nini Wanaume Hupiga

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa faili la mwanaume aliyemvunja mkewe mkono kwa mpini wa jembe. Nilikuwa msichana mwenye viatu vipya, ndiyo kwanza nimetoka chuoni, na ofisi ya probesheni ya Busia wakati huo ilikuwa vyumba viwili tu nyuma ya korti. Bosi wangu, Afisa wa Probesheni wa Wilaya, mzee mpole aliyependa kuongea akiwa amefumba macho, aliniita akaniambia, "Binti, shika neno moja. Polisi wanashika, hakimu anahukumu. Sisi tunaeleza."

Vijana wanaoingia kazi hii leo huniuliza tulikuwa tunaeleza nini. Mtu akikubali kosa, au korti ikimpata na hatia, hakimu huagiza ripoti ya kijamii kabla ya kutoa hukumu. Afisa huenda nyumbani kwa mkosaji, huongea na mkewe, wazazi, majirani na chifu, kisha humwandikia hakimu mtu huyu ni nani, amelelewa vipi na nini kilimsukuma. Ripoti ikimpendeza hakimu, mkosaji hupewa kifungo cha nje: analala kwake na kuja kuripoti kwetu.

Yule wa mpini wa jembe alikuwa wa kijiji cha Mundika. Alikuwa amefutwa kazi, mihogo yake imeoza shambani, watoto wamerudishwa kutoka shule. Niliandika umaskini, na sikudanganya. Mwanaume aliyefundishwa kwamba ni kichwa cha nyumba kwa sababu analisha, chakula kikiisha huutafuta ukichwa wake kwa mikono. Mzee alisoma ripoti yangu, akafumbua macho. "Umeanza vizuri," akasema.

Baadaye nilipelekwa kuhudumia upande wa Malaba. Malori yalipanga foleni ya kwenda Uganda, madereva wakingoja vibali, na wanawake wetu wakawauzia chapati, maji na chai. Huko ndiko maelezo yangu ya umaskini yalianza kuchechemea, maana waliopigwa sana walikuwa wale wenye kupata. Mama mmoja muuza chapati aliniambia, "Madam, nikikosa pesa ananipiga, ati mimi ni mvivu. Nikipata ananipiga, ati nimezitoa wapi. Sasa wewe umesoma. Niambie nikae upande gani?"

Niliandika wivu. Niliandika pombe ya chang'aa. Niliandika malezi, kwa sababu chuoni tulifundishwa kwamba mtoto anayeona baba akipiga hujifunza kupiga. Lakini nilijua ndugu wawili waliolelewa nyumba moja na kuona kipigo kimoja. Mmoja alimpasua mkewe kichwa, mwingine hata kuchinja kuku alishindwa.

Kisha ikaja kesi ya Ojiambo.

Ojiambo alikuwa ajenti wa kupitisha mizigo mpakani. Alikuwa na nyumba ya matofali, hakunywa pombe, aliimba kwaya, na babake hakuwahi kumwinulia mtu mkono. Mkewe, Nabwire, alikuwa fundi wa nguo sokoni Malaba. Ojiambo alimpiga kofi la sikio hadi sikio lile likafa. Halikuwa kofi la kwanza, ila lilikuwa la kwanza kufika kortini.

Nilimfuata kazini kwake. Nilimkuta dereva wa lori amemshika kola mbele ya watu, anamtukania mama yake kwa sababu ya karatasi zilizochelewa. Ojiambo alitabasamu tu. "Pole boss. Pole sana, tutarekebisha." Dereva akamwachilia kwa kumsukuma.

Tulipokaa nikamuuliza, "Yule amekutukana mbele ya umati. Mbona hukumpiga?"

Alicheka kwa dhati kabisa. "Yule? Madam, yule si angenirudishia!"

"Na Nabwire?"

Alinitazama kama mtu asiyeelewa swali. "Nabwire ni bibi yangu."

Nikazunguka kama kazi inavyotaka. Mamake Ojiambo akasema, "Huyo msichana ana mdomo." Mchungaji akasema, "Tuliwaombea, tukamwambia Nabwire avumilie." Chifu akasema, "Hayo ni mambo ya nyumba. Na tulikuwa tumeshawapatanisha." Nilikwenda mpaka kwa babake Nabwire, kijijini kupita Nangina. Akasema, "Ng'ombe wao wa mahari tulishakula. Alipokuja na vidonda ningemweka wapi?"

Wote walikuwa wanajua. Kila mmoja, kwa siku yake, alimshika Nabwire mkono akamrudisha.

Basi niliandika nilichokiona. Niliandika kwamba mshtakiwa ana hasira kama watu wengine na anaweza kuizuia, kwamba huitoa mahali ambapo haimgharimu kitu, na kwamba mahali hapo pamejengwa na familia, kanisa na baraza la chifu. Nikapendekeza afungwe.

Mzee mpole, yule bosi wangu wa kwanza, alikuwa amestaafu. Mkurugenzi mpya wa probesheni wa kaunti, kijana wa tai na simu mbili, aliniita. "Madam, hii si ripoti. Hii ni hasira."

"Ni sababu, bwana mkurugenzi."

"Sababu ni pombe, umaskini, malezi. Hapa umeshtaki kijiji kizima. Hakimu amfunge nani?"

"Aanze na Ojiambo."

Alifunga faili, akampa afisa mwingine. Ripoti mpya ilisema mshtakiwa ni mtu wa heshima aliyelemewa na shinikizo la kazi ya mpakani.

Siku ya hukumu nilikaa karibu na Nabwire. Hakimu alisoma kwa sauti ya chini. Alipomaliza, Nabwire aligeuza kichwa kuniletea sikio lake zima. "Wamesema nini?"

"Kifungo cha nje."

"Kwa hivyo anarudi nyumbani?"

"Anarudi."

Alikunja leso yake taratibu. "Basi mimi siwezi kurudi," akasema.

Wiki hiyo alivuka mpaka. Watoto walikatazwa kumfuata, wakabaki kwa nyanya yao, mamake Ojiambo. Nilisikia anashona nguo Tororo. Ojiambo naye aliripoti ofisini kila alipotakiwa, shati limepigwa pasi, na mkurugenzi akamtaja mkutanoni kama mfano wa mtu aliyebadilika. Kweli hakumpiga mtu tena. Ndani ya nyumba hakukuwa na wa kupiga.

Nilistaafu nikapewa blanketi na hotuba. Nimejenga Mundika, nafuga kuku, na nilidhani kazi ya kueleza nimeiacha.

Mvua zilizopita kaka yangu aliita kikao cha familia. Binti yake, Achieno, alikuwa jikoni, uso umevimba, na mumewe alikuwa njiani kuja kuomba msamaha. Kaka alinigeukia mbele ya wote. "Dada, wewe ndiye umesomea haya mambo. Tueleze, huyu kijana shida yake ni nini? Ni kazi amekosa?"

Nikasema, "Kabla ya huyo kijana, Achieno alipokuja mara ya kwanza, nani alimrudisha?"

Wifi yangu, mamake Achieno, akaanza kupanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa.

"Sikukuuliza hivyo," kaka akasema.

Wakaendelea. Walikubaliana kijana alete mbuzi, wazee wamle, Achieno arudi kwa mumewe. Niliinuka, nikaenda jikoni nikabeba begi la Achieno. "Twende kwangu."

"Shangazi, watasema nini?"

"Watasema nimevunja nyumba yako."

Na wamesema. Neno hilo wanalisema matangani, wanalisema kanisani, na wake za kaka zangu hawaniiti tena. Miaka yote ile nilipeleka maelezo mbele ya mahakimu, nikaulizwa hili na lile, nikarudishwa nikaandike upya. Maelezo haya, kwamba ndoa ya Achieno ilivunjwa na shangazi yake, yamepita bila swali hata moja.