Vigelegele vya Mwanasiti

Mwanasiti binti Taib hakuumbiwa kimya. Kwao Mombasa, mtaa wa Kuze, nyumba zimebanana kiasi kwamba mtu akipiga chafya anaombewa dua kutoka dirisha la jirani. Alipoolewa na Athman, karani wa duka moja la vitambaa huko Ngara, akahamia Nairobi mwaka uliofuata Uhuru, kitu cha kwanza alicholalamikia si baridi. Alilalamika kwamba watu wa ghorofa ile wanakutana ngazini wakapishana kama hawajuani. Haukupita muda alikuwa keshawajua wote. Mama Gurdeep wa ghorofa ya juu alimfundisha kupika dengu, naye akamfundisha Mama Gurdeep kusengenya kwa Kiswahili fasaha.

Athman alikuwa mtu mpole. Mkewe aliposema anataka kusomea ukunga, hakumzuia. "Haya, nenda," alimwambia. "Angalau huko wakipiga kelele kutakuwa na sababu."

Alihitimu, akapelekwa kwenye zahanati ndogo upande wa Dagoretti. Miaka hiyo Dagoretti ilikuwa shamba tupu: mahindi na viazi mpaka bondeni, njia za udongo mwekundu, na upepo ukigeuka, harufu ya kichinjio. Zahanati ilikuwa na vitanda, dawa, maji ya moto, na Sista Vimla, mkuu wake, mwanamke mwembamba aliyeijua kazi yake barabara na asiyependa mchezo. Juu ya mlango wa chumba cha kuzalishia alikuwa amebandika karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: KIMYA.

Kila kitu kilikuwapo, ila waliopaswa kuzalia pale. Akina mama walikuja kupimwa mimba, wakasema asante sista, na siku ikifika wakazalia nyumbani. Wengi walizaa salama. Wengine walizikwa, na Mwanasiti alipopata habari hizo alilia waziwazi, asijali nani anamtazama.

Aliyemnyima raha mwaka wa sabini na moja alikuwa Hannah, mke wa Dedan, mchuna ngozi wa kichinjioni. Uzazi wa kwanza alizalia nyumbani. Mtoto wa kiume alitoka mzima, lakini damu ya mama ikakataa kukatika. Alipona kwa bahati tu, na kwa miezi mingi alitembea kwa kushika ukuta. Sasa alikuwa na mimba ya pili, na Mwanasiti alijua kwamba damu ile ikirudi, kule nyumbani hakuna wa kuizuia.

Basi akafunga kanga kiunoni juu ya yunifomu yake, akashuka bondeni hadi kwa Nduta, mama mkwe wa Hannah, kwa sababu neno la mwisho lilikuwa lake. Nduta alimpa uji, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu bila kupepesa macho.

"Sista, dawa yenu ni mzuri. Lakini kule kwenu mtu anazaa kama mwizi. Hakuna nyimbo, hakuna vigelegele. Hapa mtoto akikuja, wamama wanapiga. Tatu ni msichana, tano ni kijana, na kila boma inajua nani amekuja. Mtoto wa kunyamaziwa ni mtoto gani?"

Mwanasiti aliweka kibuyu chini. Alikuja amejiandaa kubishana juu ya dawa na usafi, kumbe kwa hili alikubaliana na mama yule kwa moyo wake wote.

"Mama, hata kwetu mtoto hapokewi kimya," akasema. "Wewe mlete Hannah. Vigelegele nitavipiga mimi mwenyewe. Nisipovipiga, usinipe tena uji wako."

Nduta akamjazia tena kibuyu. "Haya," akasema. "Tutaona."

Ahadi iliyokuwa nyepesi kwenye uji ilikuwa nzito mbele ya Sista Vimla.

"Hapana," Vimla alisema. "Hii hospitali, iko harusi? Mtoto mgonjwa nalia kidogo sana. Mimi nataka kimya nisikie yeye."

Hakusema kwa ubaya, na Mwanasiti aliona ana haki. Akanyamaza, jambo lililomtia Vimla wasiwasi kuliko kama angebisha.

Mvua za Aprili zikaja. Mchana mmoja Dedan alifika na mkokoteni wa punda, Hannah amelazwa juu ya majani makavu, uchungu umeshamkolea. Nyuma yao alikuja Nduta na wanawake wa jirani wamebeba vibuyu vya uji. Waliketi uani chini ya dirisha, wakatega masikio.

Hannah alizaa mtoto wa kike bila taabu kubwa. Mwanasiti akavuta pumzi ili atimize ahadi yake, na hapo hapo damu ikaja, ile ile aliyoihofia. Vigelegele vikamfia kooni. Vimla alikuwa keshashika sindano kabla hajaitwa. Mwanasiti akakandamiza tumbo la Hannah, akalisugua mpaka mikono ikamfa ganzi, huku akimsemesha bila kukoma: mwanangu, nitazame, usilale, mama mkwe wako yuko nje na uji, wamwachia nani uji wote huo?

Nje, soga zilikatika. Kilio cha mtoto walikisikia, lakini hawakusikia tatu wala tano. Wanawake wakainamisha nyuso. Nyumba ya uzazi ikinyamaza hivyo, wao waliijua maana yake.

Kisha tumbo likakaza chini ya kiganja cha Mwanasiti, gumu kama nazi. Damu ikapungua, ikakatika. Hannah akafumbua macho, akauliza kwa sauti ndogo, "Hiyo uji bado iko moto?"

Mwanasiti akapiga vigelegele. Hakukusudia wala hakuhesabu. Alipiga kama wapigavyo Kuze, ambako wa kuhesabu vigelegele hajazaliwa, kimoja juu ya kingine, machozi yakimtiririka. Vimla alimkazia macho. Halafu akamgeuzia mgongo, akajifuta uso kwa kona ya aproni, akamwacha amalize.

Uani walikuwa wakihesabu. Kufika vitatu wakashangilia, msichana! Kikaja cha nne, wakatazamana. Cha tano, wakashangilia tena, kumbe kijana! Lakini yule Mswahili hakunyamaza mpaka vikatimia vinane.

"Nane?" Nduta akaruka juu. "Tano na tatu! Wamekuja wawili, kijana na msichana!"

Akanyakua vibuyu viwili, akaingia bila kubisha hodi. Akamkuta Hannah amepauka lakini yuko macho, na kifuani pake kitoto kimoja.

"Huyu ni nani?"

"Msichana, mama," Mwanasiti akajibu.

"Na mwingine yuko wapi? Wewe umepiga nane."

Mwanasiti alifungua mdomo aeleze kwamba amekosea. Akayatazama mashuka mekundu yaliyojaa kwenye beseni. Akamtazama Hannah.

"Mwingine ni huyu," akasema, na kumwekea Hannah mkono kichwani. "Alikuwa atuacha, mama. Naye kazaliwa leo."

Nduta aliliona beseni. Alisimama na vibuyu vyake viwili, akakiinamia kitoto. Kwa desturi yao binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, kwa hiyo kitoto kile kilikuwa Nduta. Akaketi kitandani, akamnywesha Hannah uji wa kibuyu cha kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Cha pili alimpa Sista Vimla, ambaye hakujua akatae vipi.

Kesho yake Mwanasiti alipofika kazini, karatasi ya KIMYA ilikuwa bado mlangoni, maana Vimla hakuwa mtu wa kugeuka kwa siku moja. Lakini chini yake, kwa mwandiko ule ule ulionyooka, palikuwa pameongezwa: ISIPOKUWA VIGELEGELE.

Habari zilipanda na kushuka mabonde mpaka Kinoo. Kabla ya mvua za mwisho wa mwaka, jirani wa Nduta alikwenda kuzalia pale pale. Wanawake waliketi uani, Nduta katikati yao na mjukuu mgongoni. Vigelegele vitatu vikasikika, wenzake wakasimama kushangilia. Nduta akawavuta nguo wakae chini.

"Ngojeni," akasema. "Bado ya mama."

Na dirishani juu yao wakamsikia Mwanasiti akivuta pumzi tena.