Ngitili ya Nyamizi na Mkataba wa Umeme wa Jua

Nyamizi alikuwa mwanamke wa maneno machache na fimbo ndefu. Mumewe alipofariki, kijiji chao, upande wa Kimali, kilimkabidhi kazi aliyoiacha marehemu: kulinda ngitili, yale malisho yanayofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikikaza, kwingine kote kukiwa vumbi tupu. Watu walisema mwanamke hataweza. Mwaka wake wa kwanza alikamata mbuzi wa shemeji yake mwenyewe, akawaswaga hadi ofisi ya kijiji, na tangu hapo hakuna aliyemjaribu.

Akailinda hivyo miaka kumi na mitano. Kisha, serikali ikiwa imeshawaruhusu watu binafsi kuzalisha umeme na kuuza, akaja Joakim, afisa wa kampuni ya umeme wa jua. Kampuni yake ilikuwa imeelewana na kiwanda cha kuchambua pamba kilicho nje ya Mwandoya: wao wangetandaza paneli, kiwanda kingenunua umeme wao kwa miaka ishirini na kuachana na jenereta lake, lililozoea kuzimika katikati ya msimu. Mpango mzuri, sina ugomvi nao. Ugomvi ulikuwa mahali pa kuzitandaza.

Ilikuwa Februari. Nyasi zilimfika Joakim kiunoni, na hapakuonekana hata kinyesi cha ng'ombe.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimia mama huyo kwa Kisukuma, kama alivyofundishwa njiani. "Eneo hili analitumia nani?"

Nyamizi alilitazama shati lake lililopigwa pasi, akazitazama karatasi zake, akamdhania mkaguzi wa wilaya aliyekuja kuona kama sheria ya kijiji inafuatwa. Kichwa kikamvimba.

"Hakuna! Hata mguu wa mbuzi haukanyagi humu. Mimi nipo."

Joakim akaandika: eneo halitumiki.

Mwezi wa sita mwenyekiti wa kijiji, Masunga, alirudi kutoka Bariadi na habari kwamba mkataba utatiwa saini Agosti, na paneli zitawekwa ngitilini. "Wewe mwenyewe ulisema halitumiki," alimwambia Nyamizi.

Aibu ilimwaka mpaka masikioni. Kulinda kote kule, halafu ulimi wake mwenyewe ndio umwangushe! Siku hiyo hakula. Kesho yake alijifunga kanga kiunoni, akaenda kiwandani kwa miguu.

Hakuomba mkataba ufutwe. Alimwomba meneja Athanasi jambo moja tu, saini ziwekwe palepale ngitilini, wanakijiji wakiona. Athanasi aliona patapatikana picha nzuri, akakubali. Nyamizi akarudi kumwarifu Masunga kwamba mwaka huu ngitili itafunguliwa siku hiyohiyo ya saini.

"Mayu, utatufukuzia wageni."

"Siku ya kufungua huwa naitaja mimi. Nimeshaitaja."

Siku ikafika. Meza ikatandikwa kitambaa cheupe, maji ya chupa yakapangwa. Kabla mtu hajatia saini, ng'ombe wa kijiji kizima wakaanza kuingia, mbavu zikihesabika, wakiziparamia nyasi kwa njaa ya miezi. Meza ilipinduliwa. Joakim alikimbilia ndani ya gari.

"Ng'ombe wa nani hawa?" Athanasi alifoka. "Tumeandikiwa eneo halitumiki!"

"Nilisema mimi, na nilisema kijinga," Nyamizi alijibu. "Niliulizwa pakiwa pamefungwa. Meneja, unawaona wale wenye sugu ya nira shingoni? Ni maksai. Hao ndio wanaovuta plau kwenye mashamba ya pamba unayoinunua. Wakifa kiangazi hiki, mvua zikija tutalima na nini? Umeme utakuwa nao miaka ishirini. Utachambua nini?"

Athanasi aliwatazama wale maksai, akairudisha kalamu mfukoni.

"Michoro imeshakamilika, bosi," Joakim alilalamika dirishani.

"Chora mingine."

Mwaka uliofuata paneli zilikaa juu ya mapaa ya maghala ya kiwanda na kwenye uwanja wa mawe nyuma yake, na mashine zikachambua pamba msimu mzima.

Mvua zilipokuwa zimerudi, Nyamizi ameshaifunga ngitili, gari jingine likasimama. Bwana mmoja akashuka na karatasi zake, akauliza eneo hili analitumia nani.

"Ng'ombe elfu mbili," alijibu Nyamizi, akiegemea fimbo yake mbele ya nyasi zisizo na ng'ombe hata mmoja. "Andika. Nasimama hapa nikuone ukiandika."