Chini ya Saa Moja Hadi Kabalo

Siku zile za vita, Kalemie ikingali ikiitwa Albertville, mji wetu ulijaa mabingwa wa umbali. Watu ambao hawajawahi kupanda hata baiskeli walijua kwa hakika kwamba kutoka kwetu hadi Kabalo ndege huchukua chini ya saa moja. Treni ilitembea ilipojisikia, na daraja likivunjwa ilikaa kimya popote ilipokuwa.

Mimi nilikuwa na mtoto mchanga asiye na jina. Kwa wakwe zangu, jina la mtoto wa kwanza hutoka kinywani mwa baba, na baba mwenyewe alikuwa Kabalo, kazini kwake stesheni. Basi mwanangu aliitwa "huyu". Huyu analia, huyu amelala.

"Mama, mupeleke mutoto kwa baba yake," mama mkwe akaniambia. "Kwa ndege njo karibu, hata chai haitapoa."

Kweli, chai isingepoa. Kazi ilikuwa kuipanda hiyo ndege. Mara ya kwanza ilijaa askari. Mara ya pili ilibeba kreti za bia, maana bia nayo, nadhani, ilikuwa na mumewe Kabalo. Siku walipokumbuka kwamba hata watu husafiri, nilikalishwa juu ya magunia ya chumvi, mtoto kifuani. Mabingwa hawakudanganya: mtoto hajamaliza titi la pili, tukashuka.

Nyumba ya mume wangu ilikuwa imefungwa. Jirani akatoka mbio, mikono imejaa unga.

"Karibu, Mama! Lakini baba yake alipanda treni juzi. Alisikia umezaa, anaenda kumuona mutoto."

Nilicheka mpaka jirani akaniogopa, kisha nikakaa kizingitini nikalia. Mimi nimepita angani, yeye yuko chini relini, na kila mmoja anajisifu kwa akili. Jirani akanifungulia mlango, nikaingia kumsubiri mwenye nyumba nyumbani kwake.

Wiki zikapita. Wasafiri walisema treni imekwama Nyunzu, katikati ya njia, mbele daraja hakuna. Kisha mtoto akashikwa na homa. Akawa wa moto, akakataa kunyonya, macho yakamlegea. Niliogopa sana, na kilichonitisha kuliko vyote ni kwamba angezikwa akiitwa "huyu". Sikungoja kinywa cha mtu. Nilimwinamia sikioni nikampa jina la marehemu baba yangu mzazi, nikaendelea kumwita hivyo mpaka homa ikashuka.

Mume wangu alirudi kwa miguu kutoka Nyunzu, viatu mkononi, nyayo zimepasuka. Kalemie hakuiona hata kwa mbali. Nilimwekea maji ya kuoga, akaoga, akala. Halafu akaniambia kwamba akiwa Nyunzu, amekaa kando ya reli, alisikia ndege ikipita kwenda Kabalo.

"Nikasema, wenye bahati njo hao," akasema.

Nikamjibu kwamba mwenye bahati alikuwa amekalia chumvi. Hakucheka. Alimchukua mtoto, akamtazama muda mrefu, akaniuliza anaitwaje. Nikamwambia. Alijua lile jina si la ukoo wake.

"Nani amemupa?"

"Aliyekuwa hapa."

Nilisubiri ugomvi, nilikuwa na maneno tele tayari. Badala yake akamwita mtoto kwa jina hilo, taratibu, na machozi yakamtoka mbele yangu.