Formula yangu ilisema bandari ya binafsi ndiyo bora, mjomba akapeleka mbuzi

Wakuu, salaam aleikum. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, chumvi siongezi. Aibu yenyewe inatosha.

Niko Garissa, namalizia Masters. Thesis yangu inalinganisha ufanisi wa usimamizi wa bandari za serikali na za binafsi. Msicheke. Najua bahari iko mbali na hapa.

Kipimo changu kilikuwa kimoja tu: meli ikifunga gatini, inakaa saa ngapi kabla ya kuondoka? Ya binafsi ikaipita ya serikali kwa mbali. Supervisor akafurahi, mimi nikajiona waziri wa uchukuzi.

Mjomba wangu wa Sangailu, ambaye sisi tunamwita abti, naye hutuita hivyo hivyo, alikuwa na mbuzi mia mbili wa kupeleka Uarabuni kabla ya Idd ya kuchinja. Ndiyo mali yake yote. Akaniuliza mimi, msomi wa ukoo, apitie bandari ipi.

Nikafungua laptop, nikamwonyesha graph. Akaiamini, maskini, kwa sababu niliichora mimi.

Alipofika na malori akazuiwa getini. Mbuzi hawaingii mpaka meli iwe tayari, wasije wakachafua yadi. Kumbe ndiyo siri ya ile speed!

Siku tatu juani, maji ya kuomba. Walikufa thelathini na mmoja.

Meli ilipofika ilipakiwa kwa saa nne. Kwenye data yangu, safari ile ndiyo inaongoza kwa ufanisi.

Aliporudi, kwa ujinga wangu, nikamweleza kwamba kitaalamu bandari ilifanya vizuri. Akaniangalia weee, kisha akaniuliza kwa lafudhi yake ya kugeuza p kuwa b:

"Abti, kisimani sisi tunabima toka mbuzi anafika, hapana toka ndoo inashuka. Wewe ulianza kubima wabi?"

Kuanzia Tarbaj hadi Kotile, kila mchungaji anajua hilo. Hata mimi nililijua, nikaenda chuoni nikalisahau. Iliniuma sana.

Sasa napima upya, kuanzia getini. Ya serikali nayo si malaika: mbuzi wanaingia vizuri, halafu karani hayupo. Supervisor analalamika kwamba graduation itanipita.

Funzo: ukisifiwa ufanisi, uliza saa ilianza kuhesabiwa wapi, na nani alikuwa bado nje.

Wanaozijua bandari, karibuni mnikosoe. Hata matusi napokea.

Abti bado ananisalimia vizuri tu. Juzi kapeleka kondoo wengine. Ushauri kauomba kwa dereva wa lori.