Dawa ya Kitovu cha Ndama

Nina mdomo, hilo sikatai. Tangu tuhamie Nyakahura na ng'ombe wetu kutoka Shinyanga, majirani wamezoea kunisikia nikigomba hata na jogoo. Ndiyo maana siku niliyonyamaza inaniuma mpaka leo.

Mke wa mwanangu alikuwa na wiki moja tangu ajifungue. Kitovu cha mtoto kilichelewa kukauka, kikaanza kunuka kidogo. Zahanati walikuwa wamemwambia akiache kikavu, asipake kitu. Nikacheka. Asipake kitu! Mimi ndama wangu wote huwapaka iodini kali ya duka la mifugo siku wanapozaliwa, na hakuna hata mmoja aliyeoza kitovu. Basi mkwe wangu akienda kuoga, nachukua kichupa changu, nampaka mtoto, nafunga kitambaa. Nilifanya hivyo siku tatu. Nilimpenda yule mtoto, jamani, sikuwa na nia mbaya.

Siku ya nne ngozi ya tumbo ilikuwa imebabuka, na mtoto hanyonyi. Tukakodi bodaboda mpaka zahanati.

Nesi alifungua kitambaa, akauliza kimepakwa nini. Mkwe wangu akasema hajui. Akagombezwa: mama gani hajui mwanawe kapakwa nini, na yeye nesi atatibu vipi kitu asichokijua? Nami nimesimama pale pale. Niliona aibu. Niliogopa pia kwamba sitaachiwa tena mjukuu wangu. Nesi akauliza mara ya pili. Mtoto alikuwa analia kwa sauti iliyochoka.

"Ni mimi," nikasema. "Nimempaka iodini ya ndama."

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alimwosha mtoto taratibu huku akieleza kwamba hata ile iodini ya vidonda vya watu wazima si ya kumpaka mtoto mchanga ovyo. Ngozi yake huifyonza, na inaweza kuvuruga tezi ya shingoni. Akatuandikia twende hospitali ya wilaya siku hiyo hiyo.

Tulilazwa Biharamulo. Ngozi ilipona ikaacha kovu, na damu yake bado tunarudi kuipima. Siku ya kuruhusiwa nilimwomba mkwe wangu msamaha kwa kumficha. Alikuwa anamfunga mtoto mgongoni, akasita.

"Hukunificha, mama," alisema. "Nilikuona tangu siku ya kwanza. Dawa sikuijua, nikajiambia, mama anajua."