Pete ya Gia ya Pili

Nilioa mjane, na pamoja naye nikaoa marehemu. Hilo sikuambiwa siku ya ndoa. Nikilalamika chumvi imezidi, dada yake mke wangu hakosi la kusema: "Marehemu alikuwa anakula tu, hasemi kitu." Nikipiga chafya, eti marehemu hakuwahi kuugua mafua. Mtu hayupo duniani, lakini nyumbani kwangu ana sauti kuliko mimi.

Kilichoniuma zaidi ni gari lake. Lile la kizamani, la buluu, lenye pua ndefu, lilifunikwa turubai uani. Lilianza kukataa gia kabla hajafariki. Nami, kwa bahati mbaya, ni fundi wa giaboksi. Za watu nilifungua kila siku, hilo nililipita kama silioni, mpaka mke wangu aliposema kwa upole, "Baba, nataka liende tena." Ningemkataliaje? Nilichotaka maishani ni anitaje mimi, siku moja tu, kwa sauti ile anayomtajia marehemu. Nilikuwa na wivu, tena wivu wa kumwonea mtu aliye kaburini.

Nikaishusha giaboksi. Mafuta yalitoka meusi, yakimetameta vumbi la shaba. Nikapanga vipande juu ya shuka kuukuu: shafti, beringi, gia, na zile pete za shaba zinazolinganisha mwendo ili gia ziumane bila kelele. Pete huwa naipima kwa kuikandamiza kwenye gia yake na kuizungusha. Nzima hung'ang'ania. Ya gia ya pili iliteleza kama sabuni, na meno yake yote yamekatika ncha.

Basi nikamjua dereva wake. Mtu wa pupa, hamalizi kukanyaga klachi, anasukuma tu kwa nguvu. Ndiye huyo mpole asiyekunja uso? Thubutu! Nilifurahi mpaka nikaona aibu, kisha nikaendelea kufurahi.

Sikunawa hata mikono. Niliingia jikoni nikaiweka pete mezani. Shemeji naye alikuwepo. Nilimshukuru Mungu kwa hilo.

"Mnaiona hii?" nikasema. "Hivi ndivyo marehemu wenu alivyokuwa akiendesha. Kwa mabavu! Mstaarabu gani anaua gia namna hii?"

Wakatazamana, wakaangua kicheko.

"Marehemu hakujua kuendesha," mke wangu akasema huku akijifuta machozi. "Macho yalikuwa hayamruhusu. Dereva nilikuwa mimi, miaka yote. Wewe hukuwahi kuniuliza."

"Na yeye?"

"Anakaa pembeni. Nikikwaruza gia, anaongeza sauti ya redio." Kicheko kikamwisha. "Hakuwahi kuniambia neno."

Nilirudi uani. Pete mpya zilipopatikana nikazifunga, nikarudisha giaboksi mahali pake, na gari likaunguruma. Mke wangu akashika usukani, akanionyesha kiti cha pembeni. Nikaapa moyoni kwamba leo nitakuwa mpole kumshinda yule bwana.

Hatujafika hata kwenye kona, akasukuma gia ya pili klachi ikiwa nusu. Krrraaa! Kelele ile niliisikia mpaka kwenye magego.

"Klachi, mama! Kanyaga mpaka chini!" nikafoka.

Alinyoosha mkono, akafungua redio mwenyewe.